GARI LINANUKA PETROLI? HIYO SIYO PAFYUMU!

 

Leo naongea na nyie mliokamatwa na ugonjwa wa magari ya zamani. Nawajua! Wenzenu wanadunduliza wanunue gari kutoka Japani, nyie mnahangaika na Volkswagen Beetle iliyotengenezwa kabla hamjazaliwa. Siwalaumu. Kagari kale kana jina huku kwetu. Kalishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi zile mbio zikikatisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kiwanda cha mwisho kukatengeneza, kule Puebla, Mexico, kilifunga kazi hiyo Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21. Sasa ukipita nako Sinza au Masaki, shingo zinageuka zenyewe.

Tatizo linaanza mlango ukifunguliwa. Abiria anaingia, anakaa, anakunja pua. Wewe unacheka: "Aah, hilo ndilo gari la zamani bwana, lazima linukie kidogo." Nani kakudanganya? Gari la zamani likiwa zima halinuki petroli ndani. Likinuka, basi kuna mahali petroli au mvuke wake unatoka. Hakuna maelezo mengine.

Ubaya ni kwamba pua ya dereva inazoea. Ukishinda ndani ya harufu, baada ya muda huisikii tena. Kwa hiyo usijipime mwenyewe. Mpe mtu asiyepanda gari lako kila siku, aingie asubuhi kabla hujafungua vioo, akwambie ukweli. Na binti akisema, "Kaka, kichwa kinauma, nishushe hapa hapa," usidhani anaringa. Huenda kakuokoa!

Maana petroli siyo ya mchezo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutuama sakafuni. Unasubiri cheche tu. Sasa kumbuka, kwenye Beetle tangi liko mbele, karibu na miguu yako, injini iko nyuma, na betri iko chini ya kiti cha nyuma, pale pale unapowapakia wadogo zako. Bomba la mafuta linatoka mbele kwenda nyuma kupitia ule mgongo wa katikati ya viti. Yaani wote mmekalia njia ya petroli. Tena ndani ya petroli kuna kemikali ya benzini, ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiorodhesha kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Basi tutafute mchawi. Usikimbilie kufungua kila nati. Jiulize kwanza: linanuka LINI?

LIKINUKA UKISHAJAZA TANGI, au ukikata kona na kufunga breki, halafu tangi likifika nusu harufu inapotea, mchawi yuko juu ya tangi. Fungua boneti ya mbele, toa lile kadibodi la kufunikia. Angalia mpira wa kifuniko cha kujazia, kama umekauka au umepasuka. Angalia mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, kwa zile za kuanzia 1968 zinazojaziwa kwa ubavuni. Fuata vimipira vyembamba vya kupumulia tangi. Mara nyingi vimechomoka na hakuna aliyeviona kwa miaka. Kisha gusa pale boya la geji linapoingilia tangini. Pale pana gasketi, ikichoka mafuta yanachungulia. Na wewe acha tabia ya kumwambia kijana wa kituoni "jaza mpaka juu." Petroli ikipigwa na jua inatanuka, na ikikosa nafasi inatafuta njia.

LIKINUKA ASUBUHI, gari limelala na vioo vimefungwa, shuka chini. Chini ya tangi kuna kipande kifupi cha mpira kinachopeleka mafuta kwenye bomba la chuma. Kipande hicho husahaulika kuliko vyote. Tandika makaratasi meupe au maboksi chini ya gari usiku, mbele, katikati na nyuma, asubuhi uone doa liko wapi. Kama hakuna doa na bado linanuka, tilia shaka bomba la kwenye mgongo wa katikati. Likitoboka kwa kutu, petroli inaweza kubaki humo humo bila kudondoka, mvuke unapanda kwenye kapeti. Inua kapeti, nusa karibu na gia.

LIKINUKA INJINI IKIWA YA MOTO, mchawi yuko nyuma. Huenda unashangaa, injini iko nyuma kabisa, harufu inafikaje mbele? Beetle haipozwi kwa maji, inapozwa kwa upepo wa feni. Hewa ya kupasha joto ndani ya gari inasukumwa na feni hiyo hiyo. Watu wa Arusha na Mbeya wanaijua raha yake. Dar hakuna anayeihitaji, lakini vifuniko vyake vikikwama wazi, kila harufu ya kwenye injini unaletewa miguuni. Na kama harufu ni ya moshi, usiendelee kuendesha. Sumu ya kaboni monoksaidi iliyomo kwenye moshi yenyewe haina harufu wala rangi, na inaua.

Angalia mipira yote ya mafuta. Ile ya kizamani iliyovikwa uzi kwa nje inaficha siri, juu mizuri, ndani imeoza. Ikunje kwa vidole injini ikiwa imepoa. Ikilia au kupasuka, haifai. Angalia pampu. Chomoa kijiti cha kupimia oili, unuse. Oili ikinuka petroli, huenda utando wa pampu umechanika na mafuta yanashukia kwenye injini. Halafu kwenye kabureta kuna kimrija kinachoingiza mafuta. Kimeshindiliwa tu, hakina nati. Kikilegea kinaweza kuchomoka barabarani, petroli ikamwagikia injini ya moto, jirani na distributa inayopiga cheche. Beetle nyingi zimeteketea hivyo. Na boksi la injini yake lina magnesi, chuma kinachowaka. Kikishika moto, maji yanauchochea badala ya kuuzima.

Sasa masharti. Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya wa betri. Fanya kazi hiyo nje, siyo ndani ya banda. Tumia tochi. Ukimwona fundi anawasha kiberiti "aone vizuri," mshukuru, chukua gari lako uondoke. Sigara kaa nayo mbali.

Na yale mambo ya gereji za mtaani! Kupaka sabuni ya kipande kwenye tangi linalovuja ni dawa ya kukufikisha nyumbani, siyo ya kuishi nayo. Mpira wa maji au wa gesi usiufunge kwenye petroli, utalainika na kupasuka. Nunua ulioandikwa kuwa ni wa mafuta ya gari, badilisha yote kwa mkupuo, na kila ncha iwe na klipu. Tangi likitoboka, lisichomelewe hivi hivi eti kwa sababu ni tupu. Tangi tupu ndilo bomu lenyewe, kwa sababu limejaa mvuke. Lishushwe, lisafishwe na anayeijua kazi, au litafutwe lingine.

Mipira yote hiyo na klipu zake ni hela ya mtoko mmoja wa wikiendi. Ongeza na mtungi mdogo wa unga wa kuzimia moto, uufunge karibu na kiti chako, siyo nyuma kwenye injini. Una redio ya nguvu, una rimu zinazong'aa, halafu mpira wa petroli ni wa mwaka arobaini na saba? Acha hizo!

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla ya kupiga polishi, anza na pua. Ukimaliza, mwite yule binti aliyeshuka njiani, aingie tena. Asipokunja pua, hapo ndipo una gari.