Mtikisiko wa baruti za kokoto upimwe



Natoa maoni yangu juu ya baruti zinazopasua mawe katika machimbo ya kokoto hapa Arusha.

Sisi tunaokaa karibu na machimbo tunaijua siku ya kulipua bila kuambiwa. Vyombo vinagongana kabatini na vumbi la lipu linadondoka kitandani. Nyumba yangu ina ufa ulioanzia pembe ya dirisha na sasa umefika kwenye lenta. Nilipokwenda kulalamika niliambiwa kwamba matofali yangu yalifyatuliwa kwa saruji kidogo. Jirani yangu naye anashikilia kwamba kila ufa wa mtaa mzima umeletwa na baruti. Wote wawili wanasema bila kupima.

Wengi hudhani baruti husukuma jiwe kama sululu. Sivyo. Mlipuko wa baruti ya mbolea na dizeli, inayotumika sana machimboni, hukimbia ndani ya tundu kwa kasi ya kilometa 3 hadi 5 hivi kwa sekunde, na kuzaa wimbi la mshindo linaloligandamiza jiwe. Jiwe gumu huvumilia sana kugandamizwa, lakini uwezo wake wa kuvumilia kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu. Wimbi likifika kwenye uso wa mwamba ulio wazi hurudi nyuma likivuta, na hapo jiwe hupasuka. Kisha gesi huingia katika nyufa na kuzipanua. Zege na matofali ya saruji yana udhaifu huo huo. Hata madaktari wanaitumia kanuni hiyo: huko Munich, Ujerumani, mwaka 1980 walianza kuvunja mawe ya figo kwa mawimbi ya mshindo yatokayo nje ya mwili, bila kisu. Lakini daktari hulielekeza wimbi lake kwenye jiwe moja, wakati la machimboni husambaa pande zote, na masalio yake husafiri ardhini mpaka kwenye misingi yetu.

Ardhi yenyewe si ya namna moja. Mlima Meru, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, umetuachia miamba migumu, majivu na matope ya volkano yaliyochanganyika na mawe. Mtikisiko ukitoka kwenye mwamba na kuingia katika udongo laini hupungua mwendo na kukua. Kwa hiyo nyumba mbili zilizo umbali mmoja kutoka machimboni zaweza kutikiswa kwa viwango tofauti.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka ridhaa ya maandishi ya mkaaji kabla ya kuchimba ndani ya mita 200 za nyumba. Ni jambo jema, lakini mita hazitoshi. Kinachotikisa ni uzito wa baruti inayolipuka kwa mpigo mmoja, ndiyo maana mlipuaji hodari huyapishanisha matundu yake kwa vipande vidogo vya sekunde. Wamarekani walipendekeza mwaka 1980 kwamba nyumba zenye lipu ya zamani zisipate mtikisiko wa taratibu unaozidi milimeta 12.7 kwa sekunde. Nyumba zao nyingi ni za mbao, zetu ni za tofali, hivyo sisemi tunakili tarakimu hiyo. Nasema wao walipima kwanza.

Sipingi kokoto. Lenta yangu imemwagwa kwa kokoto hizo hizo. Tena nikiri kwamba baadhi yetu tuliyakuta machimbo tukanunua viwanja kwa kuwa vilikuwa rahisi.

Naiomba Tume ya Madini ihakikishe kwamba kila siku ya kulipua chombo cha kupimia mtikisiko kinawekwa kwenye nyumba iliyo karibu zaidi, na matokeo yanabandikwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Pia nyufa za zamani ziandikwe na kupigwa picha kabla machimbo mapya hayajaanza, mbele ya mwenye nyumba na mwenye machimbo.

Mimi nimeanza na nilicho nacho. Nimebandika kipande cha jasi juu ya ufa wangu na kuandika tarehe. Mpaka leo hakijakatika, na nitakitazama tena baada ya baruti ijayo.

Mkazi wa kando ya machimbo,
Arusha.