Straika akikosa, kagua skrubu kabla ya kutupa bunduki

DAKIKA ya 70, krosi inatoka kulia, straika yuko peke yake hatua sita kutoka golini. Anapiga. Mpira unapaa hadi kwa mashabiki wa mzunguko. Uwanja wa Mkapa wote unashika kichwa, na kabla kipa hajapiga goli kiki hukumu imeshatoka: "Huyu hamna kitu, atemwe dirisha dogo!"

Wiki mbili baadaye viongozi wanasikiliza jukwaa. Mkataba unavunjwa, straika mwingine anashushwa uwanja wa ndege, anavishwa skafu, anapigwa picha. Baada ya mechi tano naye anapaisha, wimbo unaanza upya.

Kuna watu wengine ambao kazi yao ni shabaha, na hao hawana haraka hivyo. Ni wawindaji. Bunduki ya kuwindia, ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila unapotaka kupiga risasi nyingine, nayo huwa inafika siku inakataa kulenga. Jana iliangusha nyati, leo inakosa karatasi iliyobandikwa kwenye boksi. Mwindaji mwenye akili haitupi. Anaikagua kwa mpangilio, akianza na kitu cha bei rahisi na kumalizia na cha bei ghali.

Soka letu linafanya kinyume. Linaanza na cha bei ghali, na pesa inakwisha kabla tatizo halijajulikana.

MATUNDU YANASEMA NINI?

Mwindaji anaanza kwa kuweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, mezani, na kupiga risasi tatu au tano kwenye karatasi iliyo mita 100. Halafu anatazama matundu.

Kama matundu yote yamekaa pamoja, ila yako kushoto kwa alama, bunduki ni nzima. Kilichohama ni darubini. Anazungusha kirekebishio chake, kazi imekwisha. Kama matundu yametawanyika, moja juu, moja chini, moja hata halionekani, hapo ndipo kuna ugonjwa wa kutafutwa.

Ni tofauti kubwa, na kwenye soka haizungumzwi kabisa. Straika anayefika kwenye nafasi nne kila mechi na kukosa kwa inchi chache, mpira ukigonga mwamba au kupita pembeni, huyo matundu yake yako pamoja. Anahitaji mazoezi ya umaliziaji na muda. Straika anayemaliza dakika 90 bila kugusa mpira ndani ya boksi ana tatizo lingine kabisa, na pengine hata si lake. Lakini jukwaani wote wawili wanaitwa garasa.

Hata wageni wanaokuja kuwinda Tanzania, wakifika kambini huwa wanapiga kwanza karatasi kabla ya kuingia porini. Bunduki imepakiwa na kupakuliwa kwenye ndege, darubini inaweza kuwa imegongwa njiani. Haijalishi ilikuwa inalenga vipi nyumbani kwao. Straika anayetoka ligi nyingine anapanda ndege hiyo hiyo, ila yeye anatakiwa afunge kwenye mechi ya kwanza ya watani.

SKRUBU, RISASI NA JOTO

Matundu yakitawanyika, mwindaji anashika bisibisi. Anakagua skrubu zinazoshika darubini na zile zinazofunga chuma kwenye mbao ya bunduki. Ikilegea moja tu, kila risasi inakwenda kivyake. Ni ukaguzi wa dakika kumi, tena ni bure.

Kwenye klabu skrubu ni zile ambazo shabiki hazioni. Mshahara umeingia? Fedha ya usajili imelipwa yote? Familia yake ina pa kulala? Klabu kadhaa za Ligi Kuu zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha, kwa hiyo haya si maneno ya vijiweni. Mtu anayedai miezi mitatu halafu anasimama mbele ya kipa ni skrubu iliyolegea, na kumnunua mwingine hakuikazi.

Baada ya skrubu zinakuja risasi. Wawindaji wanajua kuwa mtutu mmoja unaweza kupenda risasi ya uzito fulani na kuikataa ya uzito mwingine, hata kama zote ni saizi ile ile. Wanabadilisha boksi la risasi kabla ya kubadilisha bunduki. Risasi za straika ni pasi. Aliyezoea mpira wa kupenyezwa nyuma ya mabeki ukimpa krosi za juu mechi nzima, unalisha bunduki chakula isichokula.

Mfano ni Fernando Torres. Msimu wake wa kwanza Liverpool, 2007/08, alifunga mabao 24 ya ligi, huku Steven Gerrard akimtafuta nyuma ya mabeki. Januari 2011 Chelsea ikatoa Pauni milioni 50. Akacheza zaidi ya dakika 900 bila bao, hadi Aprili 23 alipoifunga West Ham. Mechi 18, bao moja. Dunia ikacheka.

Ukikagua kwa mpangilio unakuta mengi. Goti lilikuwa limefanyiwa upasuaji mwaka mmoja kabla. Timu mpya ilikuwa imezoea kucheza na Didier Drogba, mtu wa kupokea mpira kifuani na kugombana na mabeki. Ni kweli Torres hakurudi kuwa yule wa Liverpool. Lakini Aprili 2012 ndiye aliyekimbia peke yake na kumzunguka kipa wa Barcelona pale Nou Camp, akaipa Chelsea sare ya 2-2 iliyomaliza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na miezi miwili baadaye akabeba Kiatu cha Dhahabu cha Euro kwa mabao matatu. Bunduki iliyokufa haifanyi hivyo.

Halafu kuna joto. Mtutu wa kuwindia ni mwembamba ili usimchoshe anayeubeba. Ukipiga risasi mfululizo unapata moto, na ya nne au ya tano zinaanza kuhama. Dawa yake ni kuuacha upoe. Timu inayocheza ligi, Kombe la Shirikisho na mechi za Afrika kwa wakati mmoja, na kusafiri kwa basi katikati, ina straika mwenye mtutu wa moto. Kumpumzisha mechi moja si kumdharau.

HOFU YA ANAYEPIGA

Kuna kipimo kimoja wawindaji wanakipenda. Mtu anakabidhiwa bunduki bila kuambiwa kama ina risasi. Akivuta kifyatulio na haina kitu, mdomo wa mtutu ukazama chini, siri imetoka: mwili ulishaanza kuogopa kishindo kabla hakijaja. Bunduki haina kosa lolote.

Namba tisa anayezomewa tangu anapasha misuli moto ana hofu hiyo hiyo. Anapiga haraka ili mambo yaishe. Anatoa pasi pale anapotakiwa kupiga. Hapo mashabiki nao wako ndani ya ugonjwa, wasijitoe.

Mwisho kabisa ndipo mwindaji anauangalia mtutu wenyewe. Anasafisha mabaki ya shaba ndani, anakagua kama mdomo umepigwa jiwe. Na ndiyo, ipo mitutu iliyokwisha. Mifereji ya ndani imelika, hakuna dawa, inabadilishwa. Wapo na mastraika wa hivyo, umri umekwenda au kiwango hakikuwepo tangu mwanzo. Hao waagwe kwa heshima na walipwe chao. Lakini hiyo inakuwa hatua ya mwisho, baada ya nyingine zote kujibiwa.

KITU KIMOJA KWA WAKATI

Sheria yao kubwa kuliko zote ni kubadilisha kitu kimoja, kupiga tena, kutazama matundu. Ukikaza skrubu, ukabadili risasi na darubini siku moja, bunduki ikilenga hujui kilichoiponya. Ikikataa tena kesho, unaanza sifuri.

Klabu zetu zinabadili kocha, straika, winga wawili na mfumo ndani ya dirisha moja. Wakishinda kila kiongozi anajisifu, wakifungwa analaumiwa aliyekwisha kuondoka.

Anayeumia zaidi ni kijana wa hapa nyumbani. George Mpole alimaliza kinara wa mabao msimu wa 2021/22 akiwa na Geita Gold, mabao 17, mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Ni ushahidi kwamba mtutu wa hapa ukilishwa risasi zake unalenga. Lakini kijana anayepewa mechi mbili kisha benchi nusu msimu hajawahi kupimwa, amehukumiwa tu.

Na bili inakwenda Taifa Stars. AFCON iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024, Stars ilicheza mechi tatu na kufunga bao moja, la Simon Msuva dhidi ya Zambia. Fainali za 2027 zinachezwa hapa, Kenya na Uganda, na timu ya taifa haina dirisha dogo la kushusha namba tisa kutoka nje.

Kwa hiyo kiongozi akisimama mbele ya wanachama kutangaza kwamba straika ameachwa, aulizwe maswali mepesi. Alipiga mara ngapi ndani ya boksi? Alilishwa mipira gani? Alikuwa analipwa? Akishindwa kujibu, basi hakukagua chochote, na huyo mpya anayekuja naye atakosa vilevile.