Kaubo wa Kitaliano!

Msomaji wangu, yule kaubo wa "A Fistful of Dollars" unayemshangilia si wa Texas, ng'o! Picha ilipigwa Hispania mwaka 1964, na mwongozaji alikuwa Mtaliano, Sergio Leone, aliyejiita Bob Robertson ili ionekane ya Kimarekani. Clint Eastwood alilipwa dola 15,000 tu. Waigizaji waliongea kila mtu lugha yake, sauti zikabandikwa baadaye.

Kinachoniudhi ni kwamba kisa kilichotwa bila hodi kutoka "Yojimbo" ya Mjapani Kurosawa (1961). Wajapani wakashtaki, wakakatiwa asilimia 15 ya mapato. Safi! Hata hapa Kirando ukimchukulia mvuvi nyavu zake, unategemea akuchekee? Mwaka 1965 steringi akarudi kwa ya pili, dola 50,000 mfukoni.