Nyumba mpya ipambwe kwa mimea ya kwetu

Familia inapohamia nyumba mpya, sebule hupambwa haraka: mapazia, zulia, kisha maua. Wengine huishia kununua maua ya plastiki, wengine huchukua mmea wowote ule uliowavutia kwenye picha za mitandaoni. Haupiti muda mrefu ya plastiki yamejaa vumbi, mmea nao umenyauka, na mwenye nyumba anajilaumu kwamba hana mkono wa kuotesha. Lawama hiyo si ya haki. Mara nyingi kosa lilishafanyika siku ya kununua. Mmea wa ndani huchaguliwa kwa kuitazama nyumba kwanza, na nyumba zetu zikitazamwa vizuri, mimea inayozifaa zaidi ni ile yenye asili ya ardhi hii hii.

Nyumba zetu nyingi hujengwa kukinga jua: paa lililotokeza, baraza, nondo na wavu wa mbu madirishani, mapazia mazito ndani. Ni busara katika nchi ya joto, lakini ukisogea hatua chache tu kutoka dirishani mwanga hupungua sana, hata kama macho hayatambui. Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwa muuza miche, weka karatasi nyeupe pale unapotaka chungu kikae, saa sita mchana, kisha nyoosha mkono juu yake. Kivuli kikiwa na kingo zinazoonekana wazi, mwanga unatosha mimea mingi. Kikiwa hafifu kiasi cha kutotambulika, hapo panataka mmea uliozoea kukaa chini ya miti mikubwa. Dirisha la mashariki lina jua la upole la asubuhi, la magharibi hupigwa na jua la alasiri linalounguza majani laini.

Mimea ya namna hiyo tunayo. Zamiokulkasi, yenye majani mazito yanayong'aa, huota porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, Tanzania Bara na Zanzibar zikiwemo. Chini ya udongo ina viazi vinavyohifadhi maji, ndiyo maana huvumilia kiangazi na pia usahaulifu wa mwenye nyumba. Wakulima wa Uholanzi walianza kuizalisha kwa wingi katikati ya miaka ya 1990, na leo imejaa katika ofisi za Ulaya. Masale, ambayo Wachaga huyatumia kuombana msamaha na kuweka mipaka ya mashamba, ni jamii ya dracaena, jamii ile ile inayouzwa ughaibuni kama pambo la sebuleni. Nalo ua dogo la zambarau la milima ya Usambara lilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa kikoloni Tanga, na sasa limesambaa madirishani kote duniani. Ua hili lina masharti yake: linapenda ubaridi wa Lushoto kuliko fukuto la Dar es Salaam. Hata mmea wa kwetu, basi, lazima upimwe kulingana na mahali utakapokaa.

Wapo wanaodai kwamba kigezo kikuu kiwe mmea unaosafisha hewa. Dai hilo lilitokana na majaribio ya NASA ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia tafiti za aina hiyo wakaona kwamba ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka katika jengo la kawaida. Ukitaka hewa safi, fungua dirisha. Hofu ya kwamba mimea humaliza hewa chumbani usiku nayo haina uzito, kwani mtu uliyelala naye chumba kimoja huvuta hewa nyingi zaidi kuliko vyungu vichache.

Pingamizi zito ni la mbu, na jiji la Dar es Salaam, lililopata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, lina haki ya kuuliza. Mbu aenezaye dengi hutaga kwenye maji yaliyotuama, hata ya kisahani cha chungu. Lakini hapo ndipo mimea inayovumilia ukame inapojitetea. Ingiza kidole kwenye udongo, na ukikuta unyevu, usimwagilie. Ukimwagilia, acha maji yachuruzike kupitia matundu ya chini, kisha mwaga yaliyobaki kisahanini. Kwa Arusha, ambako maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi inayounguza ncha za masale, tumia maji ya mvua. Na penye watoto wadogo, zamiokulkasi iwekwe juu wasikofikia, maana utomvu wake huwasha kinywa.

Sipigi vita mimea ya kigeni, kwani ipo inayostawi hapa vizuri sana. Wala sisemi watu waingie msituni na majembe: maua ya Usambara yamebaki katika maeneo machache porini, na kuyang'oa ni kuyamaliza. Masale huota kwa kipande cha shina ulichopewa na jirani, na mingine inunuliwe kwa wanaoiotesha vitaluni. Wauza miche nao waipange mimea hii mbele, wamweleze mnunuzi inapotoka na mwanga inaoutaka. Nawe unayehamia, pima mwanga kwanza, kisha nunua mmea mmoja wa kwetu. Huo ukistawi, ongeza wa pili.