Je, Michezo Ihesabiwe Katika Shahada?



Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja wa jumuiya yetu alitusimamisha nje ya kanisa akiwa na lalamiko. Mwanawe anasoma uhasibu katika chuo kimoja hapa mjini. Mjomba wake aliyeko Marekani amemsimulia kuwa huko kuna vyuo ambavyo mwanafunzi hapati shahada bila kwenda uwanjani, na kijana sasa anasema hata kwetu ingefaa iwe hivyo. "Mimi nauza vitenge Kariakoo kutwa nzima," alisema mama, "nalipa ada akasome hesabu. Mpira si ataucheza mtaani bure?"

Mjomba hakudanganya. Chuo cha MIT, kinachojulikana duniani kwa uhandisi, humtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza amalize kozi nne za michezo na mazoezi, tena aonyeshe kuwa anaweza kuogelea. Lakini kozi hizo haziingii katika wastani wa alama zake. Anahudhuria, anamaliza, basi.

Sisi tunaona hivyo ndivyo inavyofaa. Tungepinga kabisa michezo kupewa alama A, B na C. Kijana aliyezaliwa na miguu myepesi angepandisha wastani wake bila jasho, na binti mnene mwenye haya, ambaye ndiye hasa anayehitaji mazoezi, angefeli mbele ya wenzake na kuuchukia uwanja maisha yake yote. Mwenye pumu au ulemavu wa mguu naye apewe zoezi linalomfaa, ahesabiwe sawa na wengine. (Hatuzungumzii wale wanaosomea elimu ya michezo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hiyo ni taaluma yao.)

Sasa turudi kwa mama. Mtaani bure, alisema. Mtaa gani? Mitaa ya Msimbazi na Kongo tangu asubuhi ni mikokoteni, maboksi, pikipiki na meza za wamachinga. Kariakoo ndiko yaliko makao ya Simba na Yanga, lakini mtoto anayekulia ghorofa ya nne hapo huijua timu yake kwa televisheni. Rede na kuruka kamba, michezo iliyowakuza dada zetu, vinataka uwazi ambao majengo yameumeza. Viwanja vimebaki vichache: Mnazi Mmoja, na bustani ya michezo ya Kidongo Chekundu iliyofunguliwa mwaka 2015. Kutoka CBE au DIT mwanafunzi anaweza kufika kwa miguu. Lakini atakwenda lini, ikiwa ratiba yake haina saa hata moja ya kwenda?

Jambo lisilohesabiwa ndilo la kwanza kukatwa. Tuliliona mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA iliposimamishwa mashuleni, ikarudishwa miaka kadhaa baadaye. Hakuna aliyewahi kusimamisha hesabu.

Na hasara yake tunaiona majumbani mwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa karibu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja ana kisukari. Chumvi, mafuta, pombe, unene na urithi vyote vina sehemu yao, lakini kukaa kitako nako kumo. Kuli anayebeba magunia sokoni hahitaji mahubiri yetu kuhusu mazoezi. Anahitaji kupumzisha mgongo. Tunayemhofia ni mtoto wake aliyesoma, atakayetoka kwenye kiti cha darasa aingie kwenye kiti cha ofisi, na kati yake ni kiti cha daladala akikipata.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Nusu saa kwa siku tano inatosha. Kutembea kwa haraka kunafaa: uweze kuongea, usiweze kuimba. Chuo kikiweka vipindi viwili kwa wiki katika mwaka wa kwanza na wa pili, kijana atapata mwanzo katika umri ambao wengi huacha kabisa.

Ila vyuo visije vikaugeuza mpango huu kuwa ada mpya. Hapo tutakuwa upande wa mama, tena mbele yake. Mabinti nao wapewe mahali pa staha pa kubadilishia nguo, na saa ambazo hawatarudi nyumbani gizani.

Tulimweleza mama haya yote. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza raba za mazoezi atanunua nani.