Pampu ya hewa ikinyamaza, usidhani imezimwa

Wadau, leo naacha habari za programu niongee juu ya pampu. Ndiyo, nilisomea kompyuta, lakini huku Salaita ukionekana na kompyuta unaitwa fundi wa kila kitu. Basi nikiulizwa jambo husoma mwongozo wake hadi ukurasa wa mwisho.

Pampu yenyewe ni ile inayoendeshwa kwa hewa ya kompresa. Haina mota. Ndani kuna viwambo viwili vya mpira vilivyounganishwa kwa chuma kimoja: hewa inasukuma hiki, kile kinavuta, kisha zamu inabadilika. Gololi nne zinazuia majimaji yasirudi nyuma. Jim Wilden wa Marekani aliibuni mwaka 1955. Inakubali maji ya tope na haiharibiki kwa kukaukiwa kidogo, kwa hiyo inafaa kwenye mashimo ya vito ya kaunti yetu, au kuhamisha dizeli kutoka pipa hadi pipa.

Ukifunga koki ya kutokea, pampu hii inasimama yenyewe. Haiungui, maana presha ya majimaji inapolingana na ya hewa hakuna kinachosogea tena. Ukifungua, inaendelea. Wauzaji wanaisifia kwa hilo, nami naisifia. Lakini hapo hapo ndipo penye hatari. Sisi wa programu tunajua tofauti ya programu iliyokufa na ile inayosubiri. Pampu iliyonyamaza inasubiri. Mtu analegeza klipu ya mpira ili azibue tope, dizeli yenye presha ya psi 100 inamrukia machoni, na pampu inaanza tena kupiga.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua baada ya pampu ni koki ya hewa inayojimwaga. Koki ya kawaida inakata hewa ya kompresa tu. Ile iliyokwisha kuingia inabaki imefungiwa ndani. Hii nyingine ina tundu pembeni, ukiifunga inatoa hewa ya upande wa pampu. Iwekwe mahali ambapo mkono unafika bila kuinama juu ya pampu. Upande wa majimaji nako weka koki ndogo ya kupunguzia presha, hasa kwa jua letu hili: bomba lililojaa dizeli na kufungwa ncha zote mbili likipata joto, dizeli inatanuka na presha inaweza kupita hata ile ya hewa.

Halafu kuna ekzosti. Kiwambo kikipasuka, majimaji hutokea huko, kwa hiyo ivutie mpira uelekee mbali na watu. Kama tangi liko juu ya pampu, mpira huo upandishwe kupita usawa wa majimaji, la sivyo tangi litajimwaga lenyewe.

Na jamani, msiniambie "haina umeme, haiwezi kuwasha moto". Petroli ikipita bombani inazalisha umeme tuli, na cheche moja inatosha. Unganisha pampu na mapipa yote mawili kwa waya, kisha waya uende ardhini. Udongo wetu mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo chuma cha ardhi kichimbiwe chini penye unyevu. Pampu ya plastiki ya kawaida haifai kwa petroli kabisa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mitungi ya hewa ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Nzuri, lakini mkaguzi hatakuwepo siku tope litakapoziba. Kwa maoni yangu pampu isiuzwe bila koki ile ndani ya boksi lake. Ukienda dukani Voi au Mombasa, uliza kwanza koki iko wapi, bei baadaye.

Habari za ukubwa wa kompresa nitaandika siku nyingine.