Kabla ya kungoja gofu Isiolo, sajili ardhi

Umeziona zile picha za mji wa kitalii wa Isiolo? Hoteli za kifahari, nyasi kijani kibichi. Ruwaza ya 2030 ilizinduliwa 2008, LAPSSET 2012, uwanja wa ndege ukafunguliwa 2017. Lakini mji wenyewe, pale Kipsing, bado uko kwenye karatasi, na vijana tunangoja tu.

Tuseme ukweli, kazi tunazitaka. Ila mji wa aina hii kwa kawaida huja na uwanja wa gofu, na nyasi za gofu zinakunywa maji. Kule Scotland, mchezo huu ulikokulia, viwanja vya zamani viko kwenye vilima vya mchanga vya pwani na mvua inamwagilia bure. Isiolo mvua ni ya kubahatisha. Tegemeo ni Ewaso Nyiro, mto uleule unaonywesha mifugo hadi Merti. Ndiyo maana wafugaji walilipinga bwawa la Crocodile Jaw.

Sasa wewe ufanye nini? Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi isiyosajiliwa hushikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii, hata pesa za fidia. Ikisajiliwa, mkataba wa mwekezaji lazima upitishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii.

Umefika miaka 18? Basi hiyo kura ni yako pia. Bila usajili, utaitwa tu kubeba mikoba ya gofu.